Nguzo Iliyotusemea

Mwaka 1956, mwezi wa Aprili, masika yakiwa yameligeuza bonde la Kilombero kuwa ziwa, nami nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, nilipewa kazi ya kwanza ya kujenga nyumba ambayo hakuna mtu aliyekusudiwa kulala ndani yake. Nilikuwa mjane tangu tarehe 14 Machi 1954. Nilikuwa pia mkandikaji hodari wa kuta na sakafu, na nasema hivyo bila haya, kwa kuwa kuta zangu za wakati ule bado zimesimama, na nyumba za walionibeza zimekwisha kuanguka. Kusoma nilikuwa sijui.

Ninyi vijana mnaonijia na michoro yenu mkitaka ushauri, mnanifahamu kama Mama Eufrasia aliyesimamia ujenzi wa majumba ya umma Kisawasawa, Mofu, hata Masagati ambako saruji ilifika ikiwa imebebwa vichwani mwa watu. Kila mara mnaniuliza nilisoma chuo gani. Sikusoma chuo. Nilifundishwa kazi na nguzo. Msicheke bado, kicheko kina mahali pake katika habari hii, nami nitawaambia ni wapi.

Serikali ilitaka kutujengea Ifakara jumba ambamo watu wazima wangejifunza kusoma, wanawake wafundishane ufinyanzi na ususi wa mikeka, na wazee wawarithishe vijana ngoma ya sangula kabla magoti yao hayajakataa. Aliyeletwa kulisanifu ni Bwana Deo, afisa tuliyemwita Bwana Maendeleo, kijana wa Bukoba, mpole, mwenye kaptura iliyonyooka kwa pasi hata siku za tope. Yeye ndiye pia angekuwa mwalimu wa kusoma. Alitandaza mchoro wake juu ya gunia la mpunga, tukauona: ukumbi mmoja mkubwa usio na kiambaza, baraza pana kuzunguka pande zote, na mlango mmoja ambao mitumbwi mitatu ingeweza kupita sambamba.

“Mlango huu,” alisema, “utamkaribisha mtu kabla hajabisha hodi. Wote wataingia hapa, na wote wataonana.”

Wajumbe wa kamati ya mji iliyosimamia ujenzi walikaa kimya. Bwana Deo alidhani wameguswa na uzuri wa mchoro. Kwa kweli kila mmoja alikuwa akihesabu wakwe zake.

Hapa lazima niwafafanulie, kwa sababu ninyi mmezaliwa wakati ambapo mkwe na mkwe wanachovya mchuzi katika bakuli moja. Katika koo zetu siku zile, mwanamume hakuonana uso kwa uso na mama wa mkewe, wala mwanamke na baba wa mumewe. Mkikutana njiani, mmoja aliingia porini. Hamkusalimiana, hamkuitana majina, hamkula mkitazamana. Hiyo haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, nasi tuliiita aibu ya ukwe. Na katika mji ambao watu wameoana kama tulivyooana sisi, kila mtu alikuwa mkwe wa mtu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Kalisto, mchonga mitumbwi aliyegeuka seremala. Mzee Kalisto alikuwa baba wa marehemu mume wangu. Tangu nilipoolewa mwaka 1947, kwa miaka tisa mfululizo, nilikuwa sijapata kumtazama usoni. Niliijua kofia yake, nilikijua kikohozi chake, na sauti yake ningeitambua katikati ya soko. Pua yake ikoje, sikuwa na habari.

Fundi wa matofali alikuwa Athumani, mtu wa Kilosa aliyeoa kwetu. Mama mkwe wake alikuwa Mama Tekla, mfinyanzi, aliyewakilisha wanawake katika kamati. Mama Tekla alikuwa na mabinti saba, wote wameolewa mjini, na alikuwa na miguu isiyotulia. Popote alipopita, vijana saba walitoweka, pamoja na kaka zao waliotoweka kwa kuwaunga mkono. Ukitaka kujua kama Mama Tekla yuko sokoni, ulitazama kama kuna mwanamume anayekimbia na kitoweo mkononi.

Bwana Deo hakujua lolote kati ya hayo, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu aibu ya ukwe haizungumzwi mbele ya mgeni. Hilo liandikeni. Mkisanifu jumba la umma, msiulize watu wanapenda nini. Watawajibu kwa adabu, na mtajenga adabu yao badala ya haja yao. Kaeni sokoni asubuhi nzima mtazame nani anamkwepa nani.

Tulianza kazi mwezi wa Juni, maji yalipoondoka. Tulisimamisha nguzo na paa kwanza, ndipo kuta, ili tufanye kazi kivulini. Nguzo ya katikati ilikuwa ya mvule, nene kama mtu mnene, kazi ya mkono wa Mzee Kalisto. Siku ya kwanza niliyofika na mwiko wangu nilisikia kikohozi upande wa pili wa nguzo hiyo, nikaganda. Naye aliganda. Kisha sauti ikasema:

“Nguzo, mwambie mwenye mwiko kwamba sakafu haipimwi kwa jicho.”

Nilivuta pumzi. “Nguzo, mwulize mwenye kofia: ipimwe kwa nini?”

“Nguzo, mwambie achukue kile kihori kidogo nilichokichonga, akijaze maji, akilaze sakafuni. Maji yakielemea upande, huko ndiko kwenye bonde. Maji hayana upendeleo.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufundishwa. Kwa miezi mitatu, mzee yule aliyesawazisha mitumbwi maisha yake yote alinieleza kwa njia ya nguzo namna ya kusawazisha jumba. Nilijifunza kwamba benchi la baraza likiwa refu kupita goti, mwanamke mzee atakaa chini, na ukimwona amekaa chini ujue umemfukuza. Nilijifunza kuacha ukingo mpana kando ya mlango, mahali pa kutua kapu la kichwani, kwa kuwa mtu aliyebeba mzigo haingii kokote. Huchungulia tu na kwenda zake. Nilijifunza kuchanganya udongo wa kichuguu na mchanga wa mtoni na kuulaza usiku kucha kabla ya kuukandika. Hili la mwisho nilikuwa nalijua, lakini nguzo ilipenda kulieleza, nami sikutaka kuivunja moyo.

Bwana Deo alitusikia siku moja, akasimama akitutazama kwa zamu.

“Mzee, unazungumza na nani?”

“Na nguzo,” alisema Mzee Kalisto.

“Na wewe, mama?”

“Na nguzo.”

Bwana Deo alikuwa mtu msomi, na msomi akikuta watu wawili wanakubaliana hudhani yeye ndiye aliyepungukiwa. Kesho yake asubuhi nilimsikia akiiambia ile nguzo, “Hamjambo hapa?” Athumani alianguka kutoka kwenye jukwaa kwa kicheko. Huko ndiko kicheko kilikokuwa.

Athumani, hata hivyo, alikuwa akianguka mara kwa mara. Mama Tekla alipenda kuja kukagua, na kila alipotokea, fundi aliruka upande wa pili wa ukuta na tofali mkononi. Ukuta wa mashariki ulipinda kila mahali Mama Tekla alipopita. Mimi nilizifuta kasoro hizo kwa lipu, na lipu ikawa nene kama mkate.

Jumapili ya tarehe 5 Agosti, baada ya ibada, Bwana Deo aliita mkutano wa kwanza ukumbini. Mji mzima ulikuja. Mji mzima ukasimama nje. Mlango ulikuwa wazi, mpana, wenye ukarimu wote uliochorwa, na hakuna aliyeukaribia, kwa kuwa kila mtu alimsubiri mkwe wake aingie kwanza ili yeye asiingie, au aondoke kwanza ili yeye aingie. Mama Tekla alianza kulizunguka jumba akitafuta kivuli. Wakwe zake wakalizunguka mbele yake ili asiwafikie, na kwa kuwa jumba ni la kuzunguka, baada ya muda walijikuta wako nyuma yake. Aliposikia vishindo nyuma, naye aliongeza mwendo kwa heshima. Bwana Deo alisimama peke yake ndani akiwatazama wakipita madirishani.

“Ni ngoma gani hii?” aliniuliza.

“Bado haina jina,” nilijibu.

Jioni ile mtu mmoja alimfafanulia, na ndipo balaa ilipoanza, maana Bwana Deo alikuwa mtu wa kusikiliza. Kikao kiliazimia uwekwe mlango wa pili. Lakini nani apite mlango wa pili? Wanawake walisema hawapiti mlango wa nyuma kama kuku. Wanaume walisema maneno hayo hayo. Ukawekwa wa tatu, usio wa mbele wala wa nyuma. Wenye wakwe wa Mofu wakasema wa tatu unatazamana na njia ya Mofu, wakaomba wa nne. Mzee Kalisto alichonga milango mpaka randa ikawa butu, na Athumani alitoboa kuta mpaka akaweka nyundo chini.

“Nguzo,” alisema Athumani, maana kufikia hapo kila mtu alizungumza nayo, “mwambie mwenyekiti kwamba huu si ukuta tena. Ni kitana.”

Milango haikutosha, kwa kuwa walioingia kwa milango mbalimbali bado walikutana ndani. Tukatundika majamvi kuugawa ukumbi. Jamvi likazaa jamvi. Kufikia katikati ya Septemba jumba la kukaribisha watu lilikuwa limekuwa mgono, ule mtego wetu wa samaki: kuingia unaingia, kutoka ni suala jingine.

Wakati huohuo ilikuja habari kutoka Mahenge. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, angefika Jumamosi tarehe 27 Oktoba kulifungua jumba. Akilikuta halitumiki, litakuwa ghala la mpunga, na Bwana Deo atahamishwa pamoja na ubao wake. Wengine walisema ghala si jambo baya. Mimi nilikwenda nyuma ya choo cha mafundi nikalia. Nilikuwa wa kwanza kujiandikisha katika darasa la kusoma. Marehemu mume wangu aliacha Biblia moja na barua mbili, na kwa miaka miwili nilizifuta vumbi kama vyombo, bila kujua zinasema nini. Sikutaka kusomewa. Nilitaka kusoma.

Nilipotulia nilirudi kazini. Kikohozi kikasikika.

“Nguzo, mwambie mwenye mwiko asihuzunike. Na umwambie kwamba hata mimi nimejiandikisha. Nimechoka kutia alama ya msalaba badala ya sahihi, kama mtu anayezikwa.”

Nilishika mwiko wangu, nikaendelea kukandika huku nikiwaza. Darasa lilikuwa moja, mwalimu mmoja, ubao mmoja. Mkwe na mkwe wasingeweza kuutazama ubao mmoja bila kuonana, labda mmoja wao asome kupitia tundu la jamvi.

Nilimwendea Bwana Deo kumwomba alifute jina langu darasani.

“Mama Eufrasia, Mzee Kalisto ametoka hapa sasa hivi. Amefuta lake ili wewe usome.”

“Basi rudisha lake, ufute langu.”

Kesho yake Mzee Kalisto alisikia hivyo, akaenda akafuta lake tena na kurudisha langu. Tuliendelea namna hiyo juma zima. Bwana Deo alikishika kichwa. “Nimefundisha watoro,” alisema, “nimefundisha wavivu. Sijapata kuwa na wanafunzi wanaojifukuza kwa heshima.”

Ijumaa ya tarehe 21 Septemba aliingia peke yake katikati ya majamvi ili achore ramani ya majamvi. Hakutoka. Tulimsikia akiita, kwanza kwa utulivu, kisha kwa sauti ya mtu anayeona jua linaelekea kuzama.

“Pinda kushoto!” alipaza Athumani kutoka mlangoni.

“Nimepinda! Kuna jamvi!”

“Ingia basi ukamtoe,” nilimwambia Athumani.

“Siwezi. Mama mkwe yuko njia ya pili, anatafuta chungu chake.”

Ndipo tulipomsikia Mama Tekla akiangua cheko, halafu jamvi likiraruka. Alitokea katikati ya ukumbi amemshika Bwana Deo kiwiko, na vumbi la ukindu kichwani. Athumani alifunika uso kwa kofia.

“Athumani!” aliita. Wote tuliganda, mama mkwe alikuwa ametamka jina. “Usikimbie, nimechoka kukimbiwa. Tangu nimwoze binti wa kwanza sijaona uso wa kijana katika mji huu. Naona visogo. Wakwe zangu nawajua kwa visogo! Chako kimeanza upara, uliambiwa?”

“Hapana, mama,” Athumani alisema ndani ya kofia.

“Sasa umeambiwa. Desturi yenyewe haijatunyima njia. Mkubwa akimpa mdogo kuku mbele ya mashahidi, akamwita jina, aibu imefutwa. Mimi nina banda la kuku. Yateremsheni majamvi yenu.”

Kamati iliafiki: siku ya ufunguzi, kila mkwe mkubwa aliyeridhia angekuja na kuku wake. Majamvi yakateremshwa, matundu yakazibwa, nami nikayakandika. Ukabaki mlango mmoja mpana, kama ulivyokuwa katika mchoro wa kwanza. Milango iliyozidi Mzee Kalisto aliifanya madawati. Mpaka nilipolikarabati jumba lile mwaka 1971, mtu aliyekaa dawati la nyuma alikuwa akikalia komeo.

Kila mtu alifurahi, na mimi nilikosa usingizi. Kwa mwanamke mwenye mume, kufutiwa aibu na baba mkwe ni sherehe. Kwa mjane asiye na mtoto ni jambo jingine. Aibu ile ndiyo iliyokuwa imebaki ikionyesha kwamba mimi ni mtu wa nyumba ya Kalisto. Akiifuta, watu wangeweza kusema amenirudisha kwetu, na kuku ndiye nauli. Asipoifuta, sitaingia darasani. Nilisimama upande wangu wa nguzo nikajikaza.

“Nguzo, mwulize mwenye kofia kama naye anatafuta kuku.”

Randa iliyokuwa ikikwaruza mbao ilinyamaza. Nilisikia viatu vyake vikiondoka. Mara ile moja tu, nguzo haikunijibu. Tangu hapo hadi siku yenyewe hakufika tena jumbani, na watu waliniambia ameonekana ng’ambo ya mto.

Jumamosi, tarehe 27 Oktoba 1956, Bwana Shauri alifika na kofia yake ya jua na kuikuta baraza imejaa watu na kuku. Alimwuliza Bwana Deo kama ni maonyesho ya kilimo.

“Ni mila, bwana.”

“Mila gani?”

“Ya usanifu,” alisema Bwana Deo.

Mama Tekla ndiye aliyeanza. Alikabidhi majogoo saba na kuita majina saba, akimshika kila mkwe kidevu na kumgeuza huku na huku kama anayekagua chungu. Athumani alilia machozi kweli. Wengine wakafuata, na ukumbi ukajaa watu walioshangaana nyuso. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, nimevaa khanga mpya, najiambia kwamba nikimaliza kusikiliza hotuba nitakwenda kufunga mizigo yangu kabla sijaambiwa.

Kikohozi kikasikika.

“Nguzo,” ilisema sauti ile, na watu wakageuka. “Umefanya kazi njema, hujawahi kupotosha neno. Sasa pumzika.”

Viatu vilikuja upande wangu. Niliiona kwanza mikono, kisha kuku mweupe, na mwishowe, nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, nikamwona Mzee Kalisto. Pua ilikuwa ya marehemu mume wangu. Hakuna aliyewahi kuniambia.

“Eufrasia,” alisema. “Kumbe u mfupi hivi! Kwa ubishi ule nilidhani una kimo.”

“Shikamoo, baba,” nilisema. Ilikuwa ya kwanza katika miaka tisa, na ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

“Marahaba, mwanangu.” Kisha akawageukia watu. “Jumbe, Bwana Shauri, wote mliopo: kuku mweupe, wa kumpokea mtoto nyumbani, nilimtafuta hadi ng’ambo ya mto, kwa sababu huyu simfutii aibu ili aondoke. Alikuwa mkwe wangu kwa ajili ya mwanangu Benedikto. Benedikto hayupo. Kuanzia leo ni mwanangu kwa ajili yangu mwenyewe. Mwenye neno aseme.”

Jumbe, mkuu wa mji wetu, alisimama, akatangaza mambo mawili kwa mpigo mmoja: kwamba jumba limefunguliwa, na kwamba Eufrasia ni mtoto wa Kalisto. Bwana Shauri, ambaye hakuelewa hata nusu, alimwuliza Bwana Deo yule Nguzo aliyeshukuriwa ni nani katika kamati. Bwana Deo alimwonyesha. Bwana Shauri aliitazama kwa muda, akatutazama sisi sote, kisha akavua kofia mbele yake.

Alasiri ile ile somo la kwanza lilianza. Tulikaa dawati moja, mimi na baba, kuku akiwa amefungwa kwenye mguu wa dawati. Bwana Deo aliandika herufi moja kubwa ubaoni na kutuamuru tuitamke pamoja. Tulitamka huku kila mmoja akimtazama mwenzake usoni, kuhakikisha hakosei.